Matone ya Maua ya Yohana

Kila jioni, kengele ya kanisa la Hirschbrunn ilipokwisha kulia, Anke alikuwa akikata mkate mweusi na kuupanga kwenye ubao pamoja na jibini na matango ya siki. Binti yake, Maike, alikula nusu ya kipande kwanza, kwa sababu dawa yake haikutakiwa kushukia tumbo tupu. Kisha alimeza vidonge vyake, akanywa maji, akamalizia kipande kilichobaki. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama watoto wengine wanavyopiga mswaki.

Maike alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alizaliwa na virusi vya Ukimwi, kwa kuwa Anke alikuwa navyo wakati huo bila kujua. Nyumbani jambo hilo halikufichwa wala halikusimuliwa. Lilikuwapo tu, kama namba ya nyumba mlangoni. Anke alimeza dawa zake asubuhi kabla ya kutoka na gari la posta, Maike jioni, na Bibi Irmgard, mama yake Anke aliyeishi chini, alimeza za shinikizo la damu mchana.

"Nyumba hii inakula vidonge kuliko mkate," Bibi alizoea kusema.

Baada ya chakula Maike alishuka kwa Bibi kunywa chai. Bibi alichemsha maji, akaweka asali, kisha akatoa kichupa cha kioo cheusi nyuma ya debe la unga na kudondosha matone ndani ya kikombe. Maji yakageuka rangi ya kutu.

"Kunywa kipenzi, kingali moto."

Hayo yalianza mwishoni mwa majira ya baridi, na yalianza kwa sababu ya Jule.

Maike na Jule walipiga klarineti katika bendi ya kijiji. Kila Alhamisi wanabendi walifanya mazoezi katika chumba cha juu cha kituo cha zimamoto, na tangu wakiwa wadogo wasichana hao wawili walikaa bega kwa bega, wakitumia stendi moja ya nota na chupa moja ya maji ya tufaha. Mwezi wa pili Maike alimwambia Jule habari ya virusi. Hakuulizwa. Aliona tu kwamba rafiki wa namna hiyo anastahili kujua.

Jule alisikiliza, akamkumbatia, akasema, "Asante kwa kuniambia." Alhamisi iliyofuata alikuja na chupa yake mwenyewe, yenye jina lake kwa wino mzito.

"Chupa mpya?" Maike aliuliza.

"Mama kasema kila mtu na yake. Mafua yamezidi."

"Mimi sina mafua."

"Najua." Jule alikuwa akitazama nota. Kisha akasogeza kiti chake. Hakukisogeza mbali, upana wa kiganja tu. Lakini stendi ya nota ilibaki upande wake.

Mzee mmoja wa tromboni aliwaona akacheka. "Vipi mapacha, nani kala chokoleti ya mwenzake?"

Jule alifungua chupa yake akanywa.

Tangu siku hiyo Maike hakupata usingizi mzuri. Alipiga nota vibaya, akasahau kazi za shule, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Bibi ndiye aliyeyaona kwanza.

"Mama yako anajua kwamba hulali?"

"Asijue, Bibi. Atasema ni kosa lake. Kila kitu changu anasema ni kosa lake."

Bibi Irmgard alifikiri kidogo. Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Yohana, mchana ukiwa mrefu kuliko siku zote, alipanda hadi konde la nyasi juu ya kijiji kuchuma maua ya manjano yenye jina la mtakatifu huyo. Mengine aliyakausha, mengine aliyaloweka katika pombe kali ya nafaka mpaka ikawa nyekundu kama damu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Yalikuwa maua ya watu wenye huzuni na wasiolala.

"Basi tutanyamaza sote wawili," alisema. "Mama yako akikiona kichupa hiki atanihubiria hadi Krismasi. Na wala hii si dawa, mwanangu. Ni ua."

Matone yalimsaidia, au Maike aliona yanamsaidia. Alilala kidogo.

*

Mwezi wa tano, Maike na mama yake walipanda treni kwenda Heidelberg, kwenye kliniki ya watoto, kama walivyofanya kila msimu. Daktari Althoff alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele fupi za mvi, asiyesema neno lisilohitajika. Alimpima Maike uzito, akamsikiliza mapafu, akamtoa damu.

"Unalala vizuri?"

"Ndiyo."

"Dawa unameza kila siku, pamoja na chakula?"

"Ndiyo."

"Kuna kitu kingine chochote unachotumia?"

Maike alikifikiria kile kichupa. Kisha akafikiria maneno ya Bibi: ua si dawa. "Hapana," alisema. Kati ya majibu yake matatu, moja tu lilikuwa la kweli.

Siku chache baadaye simu ililia. Anke aliipokea akiwa bado na sare ya posta, akasikiliza amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi. Kwa miaka mingi virusi katika damu ya Maike vilikuwa vichache kiasi kwamba mashine haikuweza kuvihesabu. Sasa iliviona.

Walirudi kliniki. Daktari alikuwa amepima pia kiasi cha dawa kilichokuwamo katika damu.

"Ni kidogo mno," alisema. "Maike, sikugombezi. Watoto wengi wa umri wako huchoka na vidonge. Nataka ukweli tu."

"Nameza kila jioni."

"Damu inasema vinginevyo."

"Basi damu inasema uongo."

"Damu haina sababu ya kusema uongo," daktari alijibu, bila ukali.

Kisha alieleza jambo ambalo Anke alilijua tayari, lakini safari hii alimwambia Maike mwenyewe. Dawa za kwanza alizopewa akiwa mdogo zilishindwa kazi, kwa sababu virusi vyake vilijifunza kuzikwepa. Hizi za sasa zilikuwa zimemlinda miaka yote. Zikishindwa nazo, zitabaki dawa chache, zenye kusumbua zaidi, na hakuna anayeweza kuahidi zitadumu muda gani.

Ndani ya treni Anke alitazama mto Neckar dirishani. "Nilikuamini," alisema. "Nilikuwa nikiwaambia watu kazini, binti yangu hahitaji kukumbushwa."

"Nameza, Mama."

"Usiniambie. Nitaangalia mwenyewe."

Kuanzia jioni hiyo Anke alimkodolea macho akimeza. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Maike alifungua, akainua, uso ukimwaka kwa aibu. Alikuwa akisema kweli na hakuna aliyemsadiki. Hata yeye alianza kujishuku: pengine tumbo lake lilikuwa bovu, pengine vidonge vilipita tu. Alilala vibaya kuliko mwanzo, na Bibi, kwa huruma, akaongeza matone.

*

Siku ya Mtakatifu Yohana ilipofika, Maike alipanda na Bibi hadi kwenye konde. Hewa ilinuka majani makavu. Bibi aliinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akichuma vichwa vya maua tu, si mashina. Maike alifinya chipukizi moja kati ya vidole, likatoa maji mekundu yanayoelekea zambarau. Walichuma mpaka kikapu kikajaa.

"Ya mwaka huu yana nguvu," Bibi alisema, akitazama vidole vyake mwenyewe. "Ukiona yanatia rangi hivi, jua yana nguvu."

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Maike alisugua mikono kwa sabuni, lakini wekundu ulibaki kwenye kucha na mistari ya vidole.

Daktari Althoff alisoma matokeo ya damu iliyotolewa wiki iliyotangulia. Virusi vilikuwa vimeongezeka. Dawa katika damu ilikuwa imepungua zaidi.

"Haiwezekani," Anke alisema. "Nimemwona kwa macho yangu akimeza. Kila jioni. Nimemtazama hadi chini ya ulimi, kama farasi sokoni. Huyu mtoto anameza."

Daktari aliweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Ningeapa."

"Basi nilikosea, Maike, na nakuomba radhi. Unameza. Kwa hiyo kuna kitu kinachoiondoa dawa mwilini kabla haijafanya kazi." Alimtazama msichana, kisha akatazama mikono yake iliyokuwa magotini. "Vidole vyako vimefanya nini?"

Maike alivikunja. "Cheri," alisema. "Tulichuma cheri."

"Cheri," daktari alirudia.

Nje, mtoto mdogo alikuwa akilia kwa kuogopa sindano. Maike alisikia moyo wake ukidunda, akawaza vitu vile vilivyokuwa ndani ya damu hiyo inayodunda.

"Vinafanya nini sasa hivi?" aliuliza. "Virusi. Ndani yangu. Mnaniambia vimeongezeka, vimepungua. Vinaongezekaje? Vinazaana?"

"Havizaani. Vinaundwa." Daktari Althoff aligeuza kioo cha kompyuta ili waone wote. Ilikuwa picha ya kijivu iliyopigwa kwa hadubini yenye nguvu sana: sehemu ya ukingo wa seli, na juu yake vinundu vilivyotokeza kama malengelenge.

"Hii ni seli ya kinga ya mwili, ya aina ile ile uliyo nayo wewe. Kirusi kimeingia na kuficha maagizo yake ndani ya maagizo ya seli yenyewe. Seli haijui kutofautisha. Inasoma na kutii. Inatengeneza minyororo mirefu ya protini, mmoja baada ya mwingine, na kila mnyororo una vipande kadhaa vilivyounganishwa. Minyororo hiyo inasafiri hadi kwenye utando, yaani ngozi ya seli, na kujipanga upande wa ndani, mmoja ubavuni mwa mwingine."

"Nani anaipanga?"

"Hakuna. Umbo lake ndilo linaloipanga. Kila mmoja unashikana na jirani yake kwa namna moja tu, na kwa namna hiyo safu inapinda. Maelfu yakishikana, utando unasukumwa nje, linakuwa puto dogo. Ndani yake yanachukuliwa maagizo ya virusi, nakala mbili. Kisha seli inaleta vifaa vyake yenyewe, vile inavyotumia kujikata inapogawanyika, navyo vinakaba shingo ya puto mpaka linakatika. Virusi havina vifaa hivyo. Vinaazima."

Anke alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Sasa tazama." Daktari alileta picha nyingine. Palikuwa na viduara viwili. Cha kwanza kilikuwa na utando mnene uliozunguka ndani, kama ganda. Cha pili kilikuwa na kitu chenye ncha katikati.

"Hiki cha kwanza kimetoka tu kwenye seli. Bado ni kibichi. Minyororo yake haijakatwa, na hakiwezi kumdhuru mtu. Lakini ndani yake kina mkasi: kimeng'enya kinachokata minyororo mahali maalumu. Ukikata, vipande vinaachana, vinajipanga upya, vinajenga pembe katikati na kuyafungia maagizo humo."

"Kama pembe ya karatasi ya siku ya kwanza ya shule," Maike alisema. "Ile tuliyojaziwa peremende."

"Umbo ni lile lile. Pembe ikikamilika, virusi vimepevuka na vinaweza kuingia seli nyingine. Bila mkasi hakuna pembe." Daktari aligusa duara la kwanza kwa ncha ya kalamu. "Dawa yako inafanya kazi hapa. Inakwama katikati ya meno ya mkasi. Seli inaendelea kutoa maputo, lakini yanatoka mabichi na kubaki mabichi. Dawa ikiwa ya kutosha, mkasi haufungi. Ikiwa kidogo, baadhi ya mikasi inakata."

"Na sasa inakata."

"Sasa inakata. Na kuna jambo baya zaidi. Kila mara maagizo yanaponakiliwa, makosa madogo hutokea. Siku moja kosa litabadilisha meno ya mkasi kiasi kwamba dawa haikwami tena. Dawa ikiwa kamili, virusi vingi havipati nafasi ya kufika huko. Dawa kidogo, kila siku, ndiyo hali inayovifaa. Siku hiyo ikipita, hata ukimeza ndoo nzima, dawa hii imekwisha kwako."

"Siku hiyo imeshapita?" Anke aliuliza.

"Sijui. Leo nitapeleka damu ipimwe."

Anke aliinamisha kichwa. Aliposema tena, hakuwa akimwambia daktari. "Ni mimi. Nilimpa mwenyewe, pengine nilimpa vilivyo vibaya kuliko vyangu. Mbona mimi vyangu vimetulia? Ni mimi tu."

Maike alimtazama mama yake. Ile siri ya kichupa ilifichwa ili maneno haya yasisemwe, na yalikuwa yakisemwa. Akaitazama picha ya kiduara chenye pembe. Wakati wao wamekaa hapa, mahali fulani ndani yake, mkasi ulikuwa ukikata.

Alinyoosha mikono yake mezani na kufungua vidole.

"Si cheri," alisema. "Ni maua ya Yohana. Bibi ananipa matone yake kila jioni. Tangu mwezi wa pili. Nilikuambia nalala, lakini silali. Sijalala vizuri tangu Jule aliponunua chupa."

Anke aligeuka. "Matone gani?"

"Usimgombeze Bibi. Mimi ndiye niliyesema usijue."

Daktari Althoff alikuwa ameegemea kiti. Kwa mara ya kwanza Maike aliona uso wake ukilegea. "Rangi ile naifahamu," alisema. "Mama yangu naye alikuwa akichuma. Lakini ilinilazimu kusikia kutoka kwako kwamba unayanywa. Watu wengi huchuma tu." Akavuta karatasi. "Maua haya yanaliamuru ini liongeze bidii. Kazi mojawapo ya ini ni kuvunja dawa. Likiongeza bidii, linavunja na ya kwako kabla haijaufikia mkasi. Mama yako anatumia dawa ya aina nyingine, na hanywi matone. Anke, si wewe."

Anke alifunika uso kwa mikono. Maike hakujua kama analia au anapumua tu.

"Kwa hiyo nikiacha, inakwisha?" Maike aliuliza.

"Acha leo. Ini litachukua kama wiki mbili kutulia. Dawa itarudi. Lakini kama mkasi umeshabadilika, kuacha hakutasaidia. Hilo litajulikana vipimo vikirudi. Sikudanganyi."

*

Jioni ile kulikuwa na ugomvi jikoni kwa Bibi. Anke alikishika kile kichupa kama panya mfu.

"Nilimpa ua, sikumpa sumu," Bibi Irmgard alisema. "Mama yangu alinipa mimi. Nilikupa wewe, ulipokuwa na mtihani. Umesahau?"

"Mimi sikuwa nikimeza dawa za kuokoa uhai wangu, Mama. Kwa nini hukuuliza?"

"Kuuliza nini? Nani anauliza daktari ruhusa ya kunywa chai?"

"Mtu mwenye mjukuu kama huyu."

Bibi alikaa. Alitazama kikapu cha maua kilichokuwa mezani, yakiwa yameanza kusinyaa. Kisha akakibeba hadi uani, akakimwaga kwenye rundo la takataka za bustani, akarudi, akamwaga na kichupa kwenye sinki. Bomba lote la sinki likanuka pombe. Hakuomba radhi kwa maneno. Usiku huo aliwasikia wote wawili wakitembea juu, naye hakulala.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Hapakuwa na la kufanya ila kumeza, kula mkate, na kungoja. Maike alipofunga macho aliona maputo yakichomoza, shingo zikikabwa, mikasi ikifunga. Shuleni mwalimu alimwita mara mbili kabla hajasikia. Alijua sasa kwamba tangu mwezi wa tano, kila jioni alipofungua mdomo kumwonyesha mama kuwa amemeza, alikuwa anasema kweli kwa ulimi na uongo kwa kunyamaza, na ule uongo ndio uliokuwa ukila dawa.

Alhamisi moja aliacha kwenda kwenye mazoezi. Jule alikuja hadi mlangoni, klarineti begani.

"Kiongozi wa bendi anasema ukikosa tena, sehemu yako atapewa Lutz."

"Lutz anapiga kama bata."

"Ndiyo maana nimekuja." Jule alichezea kamba ya begi. "Unaumwa? Yaani, unaumwa kweli?"

"Sijui bado. Wanapima." Kisha Maike, aliyekuwa amechoka kuficha, akasema moja kwa moja: "Uliponunua chupa, niliacha kulala. Mengine yalifuata hapo."

Jule aliiachia kamba. "Sikujua kama uliona."

"Ina jina lako kwa wino mzito, Jule. Bata angeona."

"Nilimuuliza Mama, Mama akasema bora kujihadhari. Sikumuuliza mtu mwingine." Alikuna shavu. "Kwani yuko wa kuulizwa?"

"Yuko," Maike alisema.

*

Siku ya matokeo treni ilikuwa na watu wanne kutoka Hirschbrunn. Bibi Irmgard alivaa koti la kanisani. Jule alikaa karibu na dirisha, akitafuna kucha, mama yake akiwa amekubali kwa shingo upande.

Daktari Althoff hakuwachelewesha. "Mkasi haujabadilika," alisema kabla hawajakaa. "Dawa imerudi kiwango chake katika damu. Virusi vimeanza kushuka. Mwezi ujao natarajia mashine isivione."

Anke alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama.

Bibi Irmgard ndiye aliyesema kwanza. "Daktari, nilidhani ni ua tu."

"Ua lako lina nguvu, Bibi. Ndiyo shida yenyewe. Lingekuwa halina nguvu, tusingekuwa hapa."

Bibi alipokea hilo taratibu, kama mtu aliyepewa haki yake na hukumu yake kwa pamoja.

"Na mimi nina swali," Jule alisema, masikio yamemwiva kwa aibu. "Nikinywa kwenye chupa yake, nitapata nini?"

"Mafua yake, akiwa nayo. Virusi hivi haviambukizi kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kukaa kiti cha jirani."

"Hata upana wa kiganja?" Maike aliuliza.

Jule alimpiga teke dogo chini ya meza.

Kisha daktari akamgeukia Maike. "Sikiliza, kwa sababu utakuwa na mwili huu maisha yako yote, na mimi sitakuwapo siku zote. Mwili haujui majina tunayovipa vitu. Sisi tunasema hiki dawa, hiki ua, hiki chai tu. Ini halisikii. Linapokea kilichomo na kufanya kazi. Kwa hiyo mtu anayekutibu lazima ajue vyote vinavyoingia mwilini mwako, hata unavyoona havina maana, hata alivyokupa mtu anayekupenda. Na lazima ajue usipolala, na kwa nini. Tatizo hili halikuanzia kwenye ini. Lilianza ulipokuwa na huzuni ukasema huna. Ukweli ulioniambia na vidole vyako mezani umeiokoa dawa yako. Ungeniambia mwezi wa tano, usingehitaji kuokolewa."

"Nimeelewa," Maike alisema.

"Tutaona." Daktari alichukua kalamu. "Unalala vizuri?"

"Vibaya. Lakini si kama zamani."

"Dawa, kila siku, pamoja na chakula?"

"Ndiyo. Na Mama ameacha kunitazama chini ya ulimi."

"Kuna kitu kingine chochote unachotumia?"

Maike alimtazama mama yake, kisha Bibi, kisha Jule.

"Kipo," alisema. "Chai ya mnanaa, asali ya Bibi, matango ya siki, tembe za koo nilizopewa na mzee wa tromboni. Andika polepole, daktari. Ni vingi kidogo."